Kalemie: Mbele ya kuvunja ukuta wa saloni, ujue kwanza unabeba nini

Kila mwaka, mvua ikikatika mwezi wa tano, nyundo zinaanza kusikika ndani ya parsele za Kalemie. Ni wakati wa kazi: matofali yanakauka vizuri, mchanga haupelekwi na maji, na watoto waliokwenda kutafuta maisha Lubumbashi, Goma ao Kinshasa wanatuma pesa na ujumbe mmoja: "Papa alituachia nyumba, tuirekebishe."

Orodha ya kazi inafanana karibu kila mahali. Kuvunja ukuta wa katikati ili saloni ipanuke. Kuingiza jiko na bafu ndani. Kutoboa madirisha makubwa upande wa ziwa. Kisha plafoni, karo na rangi. Fundi anafika, anazunguka nyumba, anagonga ukuta kwa kiganja, anajibu: "Hakuna shida, ni kaukuta kamoja tu."

Hapo njo shida inaanzia. Katika nyumba nyingi za mji huu, hasa zile za matofali mabichi, kale kaukuta ka katikati njo kanashika nyumba isianguke. Kukatoa bila kujua ni kununua saloni kubwa kwa bei ambayo familia haijaihesabu.

Sababu ya nini Kalemie si kama mji mwingine

Kalemie imelala juu ya bonde kubwa la ufa la Afrika ya Mashariki, pale ardhi inapoachana pole pole. Ziwa Tanganyika lenyewe limezaliwa na ufa huo. Ndiyo maana tetemeko si habari ya mbali hapa. Siku ya Jumatatu tarehe 5 Desemba 2005, kiisha saa nane ya mchana, tetemeko la ukubwa wa 6,8 lilitokea ndani ya ziwa. Lilisikika mpaka Nairobi. Kalemie ilikuwa kati ya miji iliyoumia zaidi: watu kadhaa walikufa, wengine wakajeruhiwa, na nyumba nyingi zilibomoka ao kupasuka.

Wakubwa wanaokumbuka ile siku wanajua kwamba mtikisiko wenyewe haudumu sana. Ardhi peke yake haiui mtu aliyesimama kwenye uwanja. Kinachoua ni ukuta na paa. Kwa hiyo kila ukuta unaotolewa leo ni hesabu ya siku ya tetemeko linalokuja, hata kama hakuna anayejua litakuja lini.

Jambo la pili ni maji. Mto Lukuga njo mlango mmoja tu ambamo maji ya Ziwa Tanganyika yanatokea kwenda mto Kongo, na mlango huo uko hapa Kalemie. Historia yake si ya kutulia. Stanley alipofika mwaka wa 1876, alikuta Lukuga imezibwa na mchanga na majani. Miaka michache nyuma, maji yalipasua kizuizi hicho na ziwa likashuka mita nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda tena kwa nguvu, na wakaaji wa leo wameona wenyewe jinsi lilivyopanda mwaka wa 2024 na kuingia katika nyumba za kando. Nyumba ya familia ambayo ukuta wake ulikaa ndani ya maji kwa majuma si ile ile iliyojengwa na papa, hata kama kwa macho inaonekana sawa.

Ukuta unaobeba na ukuta unaogawa

Ndani ya nyumba kuna kuta za namna mbili. Kuta zingine zinabeba: uzito wa paa unashuka juu yao mpaka kwenye msingi. Zingine zinagawa tu, chumba hiki na kile. Lakini katika nyumba ya matofali, hata ukuta unaogawa una kazi nyingine ambayo watu wengi hawaioni: unashika kuta ndefu za nje zisiyumbe. Chukua daftari ulisimamishe juu ya meza bila kulikunja, linaanguka. Likunje katikati, linasimama. Ukuta wa katikati ya nyumba unafanya kazi ya lile kunjo.

Kujua ukuta ni wa namna gani hakuhitaji mashine. Kwanza, panda juu uangalie mbao za paa zinalalia wapi. Kama plafoni inaficha, fungua kipande kimoja. Ukuta unaopanda mpaka kwenye manjanja na kupokea mbao, huo unabeba. Pili, pima unene. Ukuta wa ndani ulio na unene sawa na wa nje haukujengwa kwa kugawa tu. Tatu, angalia chini: ukuta wenye msingi wake wa mawe ulipewa kazi ya kubeba tangu siku ya kwanza. Nne, angalia kama matofali yake yameingiliana na ya ukuta wa nje kwenye kona. Kama yameingiliana, kuta hizo mbili zinashikana mikono, na ukiutoa mmoja, mwenzake anabaki peke yake.

Hesabu ya mita tatu

Kuna miongozo ya kimataifa iliyoandikwa kwa ajili ya nyumba zinazojengwa bila enjenia katika nchi za matetemeko. Kwa nyumba za matofali mabichi, inasema mambo machache ambayo kila familia inaweza kuhakikisha kwa mita ya fundi.

Urefu wa ukuta kati ya kuta mbili zinazouvuka usipite mara 10 ya unene wake. Kwenda juu, ukuta usipite mara 8 ya unene. Dirisha ao mlango usipite mita 1,20 kwa upana. Kati ya kona ya nyumba na dirisha la kwanza, ibaki angalau mita 1,20 ya ukuta mzima. Na ukijumlisha upana wa milango na madirisha yote ya ukuta mmoja, isipite karibu theluthi moja ya urefu wake.

Tuseme ukuta wa nje una unene wa sentimita 30. Mara 10 ni mita 3. Nyumba yenye vyumba viwili vya mita 3 vilivyopangana iko kwenye mpaka wa usalama, sababu ukuta wa katikati unaigawa ile mita 6 mara mbili. Fundi akitoa ukuta huo ili saloni ipanuke, ukuta wa nje unabaki wazi kwa mita 6, mara mbili ya kipimo. Kisha mwenye nyumba anataka dirisha la mita 2 ili aone ziwa. Vitu viwili vizuri kwa macho, lakini kwa pamoja vinaondoa karibu kila kitu kilichokuwa kinaushika ule ukuta.

Kwa nyumba za matofali ya kuchoma yaliyojengwa na sima, kama vile nyingi za wakati mji ungali unaitwa Albertville, kuna nafasi zaidi. Kuta ni nene na zinashikana vizuri. Lakini hata huko, kutoa ukuta mzima kunadai boriti ya beton yenye vyuma, inayolalia nguzo, na nguzo zenye msingi wao. Hiyo si kazi ya kukisia. Inadai mtu anayejua kuhesabu uzito, hata kama ni kumlipa kwa siku moja aje aangalie na kuchora.

Kama lazima kufungua

Mara nyingi familia haihitaji kutoa ukuta wote. Inahitaji nyumba ipumue, mwanga upite, na wageni wa matanga ao wa ndoa waonane. Kufungua nafasi ya mita 1,20 katikati ya ukuta, bila mlango, kunatosha kuunganisha vyumba viwili, na ukuta unabaki na kazi yake pande zote mbili.

Hata hiyo inafanywa kwa mpango. Kabla ya tofali la kwanza kutoka, paa linategemezwa kwa miti minene pande zote mbili za ukuta, na miti hiyo inasimama juu ya mbao, si juu ya udongo mtupu. Kwanza inafunguliwa nafasi ya boriti peke yake, boriti inawekwa, na baada ya hapo tu ndipo matofali ya chini yanatoka. Boriti iingie ndani ya ukuta kila upande: sentimita 25 hivi kwa matofali ya kuchoma, na karibu nusu mita kwa matofali mabichi, sababu tofali bichi linapondeka kirahisi.

Kama boriti ni ya beton iliyomwagwa pale pale, inamwagiwa maji kila siku kwa juma moja isikauke haraka, na miti haitolewi mbele ya majuma mawili mpaka matatu. Hapo njo mafundi wengi wanakosana na wenye nyumba: bibi anataka saloni kwa siku ya Pasaka, fundi anataka miti yake kwa kazi nyingine. Beton haisikii haraka ya mtu. Inafikia nguvu yake karibu yote kiisha siku 28.

Mchanga nao unaangaliwa. Wengine wanachota ule mwepesi wa kando ya ziwa sababu uko karibu. Jaribio ni rahisi: weka mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha usiku mzima. Asubuhi, kama juu ya mchanga kumelala tabaka nene la tope, mchanga huo uoshwe ao uachwe. Sima nzuri ya Kabimba ikichanganywa na tope inazaa beton inayovunjika kwa vidole.

Anza chini, kisha juu, kisha ndani

Kosa kubwa la kurekebisha nyumba ya familia si la ufundi, ni la mpangilio wa pesa. Pesa za kwanza zinakwenda kwenye vile vinavyoonekana: karo, plafoni, rangi, kitambaa cha dirisha. Zikiisha, nyumba inang'aa, lakini chini ukuta unaliwa na maji na juu mbao zinaliwa na mchwa. Mwaka wa pili karo inapasuka, na lazima kuvunja kile kilicholipwa.

Chini: zunguka nyumba kiisha mvua. Maji yanasimama wapi? Kama yanasimama mguuni mwa ukuta, kazi ya kwanza ni mfereji wa kuyaondoa, na haidai pesa nyingi kuliko jembe na mikono. Angalia kama ukuta umelika karibu na ardhi, kama krepi imevimba, kama kuna unga mweupe. Hizo ni alama kwamba unyevu unapanda. Wengi wanaficha alama hizo kwa kupakaza sima juu ya tofali bichi. Nje inaonekana ngumu, ndani maji yanafungwa, tofali linarudi kuwa udongo, na siku moja krepi yote inaanguka kama ganda. Ukuta wa udongo unapenda krepi ya udongo ao chokaa inayouacha upumue. Pale palipolika, matofali yanatolewa kidogo kidogo, kipande cha nusu mita kwa wakati, na kurudishiwa mawe na sima mpaka juu ya mahali maji ya mvua yanaporuka.

Familia ambayo nyumba yake ilifikiwa na ziwa mwaka wa 2024 ina swali gumu zaidi. Karo na plafoni haviwezi kuzuia ziwa. Kabla ya kuweka pesa pale, inafaa wakae wajiulize kama ile pesa haitoshi kuanzisha chumba kimoja cha nguvu kwenye parsele ya juu. Ni neno zito, sababu kaburi za kumbukumbu za familia ziko mahali pale. Lakini ni vizuri lisemwe mbele ya kununua sima, si baadaye.

Juu: paa njo kofia. Ikitoka kando ya ukuta sentimita 60 hivi, mvua haigongi tofali. Plafoni ya zamani ikishuka, ni nafasi ya kugonga kila mbao na kusikiliza. Ile inayolia kama ngoma tupu imekwisha kuliwa. Mbao zifungwe kwenye ukuta kwa waya mnene ao chuma, sababu upepo wa ziwa unanyanyua manjanja. Na kama pesa inaruhusu jambo moja tu la nguvu, liwe mshipi: boriti nyembamba ya beton ao ya mbao inayozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha. Mshipi huo unazifunga kuta kama vile kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Siku ya tetemeko, kuta zinacheza pamoja, hazisukumani nje.

Ndani: hapa njo furaha ya watu, na hapana makosa kuipenda. Lakini jiko likiingia ndani na mbabula ya makala nayo ikaingia, moshi usio na harufu unaotoka kwenye makala unaweza kuua watu waliolala. Jiko la ndani lazima liwe na tundu la juu na dirisha lisilofungwa. Bafu la ndani nalo linataka bomba linalotoka mpaka kwenye shimo lililo mbali na kisima na mbali na msingi. Maji yanayovuja chini ya sakafu yanafanya polepole kile ambacho ziwa linafanya haraka. Na waya za umeme zipitishwe mbele ya krepi, si kutoboa ukuta mpya mwezi unaofuata.

Neno moja juu ya etaji: msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini haubebi ghorofa. Ukuta wa tofali bichi haubebi kabisa.

Nyumba ni ya nani?

Kuta si kitu kimoja tu kinachopasuka. Familia pia. Yaya aliyebaki Kalemie anasimamia kazi, mudogo aliye mbali anatuma pesa, dada walioolewa hawakuulizwa, na mama mjane anaambiwa ahame "kwa muda" ili chumba chake kiwe saloni. Kiisha kazi, aliyetuma pesa anasema nyumba ni yake, na mashauri yanaishia tribinali.

Sheria ya familia ya Kongo, ile ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema wazi. Kama marehemu hakuacha wasia, watoto wake, wanaume kwa wanawake, wanagawana sawasawa robo tatu za urizi. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo mume ao bibi aliyebaki yumo. Tena, aliyebaki ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokuwa wanakaa pamoja. Yaya mkubwa kwa kawaida anasimamia ugawaji wa urizi. Kusimamia si kumiliki. Vilevile aliyelipa sima hawi mwenye nyumba sababu ya sima; anakuwa mtu ambaye familia ina deni naye, kama kuna maandishi.

Kwa hiyo mbele ya nyundo, karatasi moja. Iandikwe: nani anatoa kiasi gani, ni zawadi ao ni deni, mama atalala wapi wakati wa kazi na chumba chake kitakuwa kipi baadaye, nani anashika risiti. Watoto wote watie sahihi, hata walio mbali kwa simu zao, na shahidi mmoja asiye wa familia awepo. Karatasi hiyo hailazimishi upendo, lakini inazuia kusahau.

Kuna karatasi nyingine ya serikali. Kuongeza chumba, kubadilisha umbo la nyumba ao kujenga upya kunadai ruhusa ya service ya urbanisme, na ruhusa hiyo inaombwa kwa jina la mwenye haki ya parsele. Udongo wa Kongo ni mali ya serikali tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Familia inakaa juu yake kwa haki iliyoandikwa. Nyumba nyingi zingali na karatasi za jina la baba aliyekwisha kufa. Kuzihamisha kwenye jina la warizi ni kazi ya kuchosha, lakini parsele isiyo na karatasi safi ikirembeshwa inavuta macho ya watu wengine.

Mbele ya kumwita fundi

Familia inayotaka kuanza msimu huu inaweza kutumia Jumapili moja bila kutoa hata franga. Asubuhi, kuzunguka nyumba na kutia alama ya makala kwenye kila ufa. Ufa uliopandia kona za madirisha na ule unaopasua kona ya nyumba toka juu mpaka chini njo wa kuogopa zaidi. Kupima unene wa kuta, urefu wa kila ukuta na upana wa kila dirisha, na kuandika. Kuingia chini ya manjanja na tochi. Mchana, kukaa pamoja na mama na watoto waliopo, wa mbali wakiwa kwenye simu, na kupanga: nini ni cha usalama, nini ni cha uzuri, nini kinaweza kungojea mwaka ujao.

Kisha fundi akija na kusema ni kaukuta kamoja tu, kuna swali la kumuuliza: "Fundi, ukikatoa, mbao hizi zitalalia wapi, na ukuta huu wa nje utashikwa na nini?" Fundi anayejua kazi yake atapanda juu kuangalia mbele ya kujibu. Yule anayecheka tu, apewe maji ya kunywa, ashukuriwe, na familia itafute mwingine.